Muuza Spika Akifumba Macho

Wenye masikio na wajulishwe, na wasio nayo wasimuliwe: muuza spika wa ghorofa ya pili akifumba macho, usithubutu kupiga chafya. Hata fundi simu wa kibanda cha jirani huacha kugongagonga. Mwimbaji hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba kiongozi wa bendi ameikataa rekodi aliyoifanyia nyumbani, eti ina uchafu, na amempa nafasi moja ya mwisho. Alitaka spika za bei ya mnyonge, zifae kompyuta, zifae na kurekodia.

Muuzaji akamwekea kwanza zile kubwa zenye taa, akaicheza ile rekodi kutoka simu ya mwimbaji. Besi ikatikisa kaunta, sauti ya mwimbaji ikawa asali.

"Nifungie hizi hizi!"

"Hizo zitakusifia hata ukikohoa, dada."

Akachomeka mbili ndogo, nyeusi, zisizo na sura. Alizigeuza kwa ncha za vidole, taratibu, kama anayemlaza mtoto asiamke, akapunguza sauti ikawa mnong'ono, akaweka kiganja juu ya moja, akafumba macho. Duka likanyamaa. Ndani ya rekodi mwimbaji alijisikia akivuta pumzi, akimeza mate, na chini kabisa ya wimbo, mngurumo mwembamba ambao hakuwahi kuusikia. Vinyweleo vikamsimama. Aliona kama roho yake imeanikwa kauntani mbele za watu.

"Kaka," akanong'ona, "ni nini hicho kinachonguruma ndani yangu?"

Muuzaji akapiga mwayo.

"Friji lako. Ukiimba, lichomoe."