Aliyewapa Mazimwi Majina ya Majirani

Wiki hii Bunia imemzika mtu aliyetutafsiria filamu za kutisha katika ukumbi wa misheni enzi za Zaire, na msibani kila mtu alimsifu. Mimi nilikunywa chai yao nikanyamaza. Leo nasema, na msomaji wangu wa siku zote anajua kwamba kinyongo changu hakichakai upesi.

Miaka ya sabini filamu zilikuwa za Kifaransa na wengi wetu hatukukijua, hivyo yeye alisimama kando ya kitambaa cheupe na kipaza sauti, akitueleza kwa Kiswahili chetu. Zimwi la siku zile halikuwa na haraka: mlango ulilia, ukungu ukapita, mkono ukaonekana, basi. Sura ilifichwa mpaka karibu na mwisho, na kila mmoja wetu gizani alijichorea ya kwake. Jumapili moja, mwanamke mfu alipokuwa akitoka ziwani, nywele zimemfunika uso, mtafsiri wetu alipaza sauti: “Munamuona ule? Iko mama wa samaki wa Bigo! Anakuja kutuuzisha!” Watu walicheka hadi kuvunjika mbavu. Mama huyo muuza samaki wa mtaa wa Bigo alikuwa shangazi yangu, mjane, aliyetulea kwa samaki wa chumvi.

Kesho yake hakuna aliyecheka. Wateja waliipita meza yake kwa mbali, na jirani mmoja akamwambia kwa aibu, “Mama, miye siamini ile mambo, lakini watoto wanakataa kula.” Shangazi alimfuata mtafsiri nyumbani kwake. “Mutoto wangu, nilikukosea nini?” akamwuliza. “Hapana kitu, mama. Ilikuwa kwa kuchekesha tu.” Alimwomba atangaze ukumbini kwamba ulikuwa mzaha. Akaahidi, na Jumapili iliyofuata akalirudia jina lile lile, kwa kuwa watu walikuwa wamelipenda. Shangazi aliacha biashara, akahamia Niania, ambako hakuna aliyemjua, na akafia huko.

Miaka ya themanini video ikaingia mtaa wa Lumumba. Kanda zile zilikuwa na visu, misumeno na damu tangu dakika za kwanza. Wenzangu hulalamika kwamba hapo ndipo filamu za kutisha zilipoharibika, zikawa machinjio. Mimi nilifurahi, tena sana. Nilimwona mtafsiri wetu amesimama nyuma ya chumba cha video, na kila akijaribu kueleza, vijana wanamfokea: “Muzee, nyamaza, tunaona!” Moyo wangu ukapoa. Muuaji wa kwenye kanda alikuwa na sura mbaya, lakini yake mwenyewe. Hakuazima ya mjane wa mtu.

Nilichojifunza ni kwamba zimwi la filamu huisha taa zikiwashwa, ila ukilipa jina la mtu, mtu huyo ndiye atakayebaki nalo. Ndugu wa marehemu wameniomba niandike walau jambo moja zuri juu yake. Nimetafuta, nimepata hili: sauti yake ilisikika vizuri hadi benchi la nyuma kabisa, na Jumapili ile, kwenye benchi la nyuma kabisa, ndipo alipokuwa ameketi shangazi yangu.