Nyuzi za Kobalti na Vumbi la Dirishani

Nikiwa na umri ambao watoto wa jirani huniita babu bila kutania, nilirudi kuwa mwanafunzi hapa Dodoma. Msimamizi wa utafiti wangu alikuwa dada niliyemfundisha kemia katika mwaka wake wa kwanza chuoni. Adabu haikumpotea. Kila asubuhi aliniamkia kwanza, ndipo akanichana kwa maneno.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Ile sura ya pili ni takataka."

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza nyuzi za kobalti, nyembamba kiasi kwamba unywele ukilazwa kando yake ni gogo. Hakuna uchawi. Unayeyusha chumvi ya kobalti, maji yanakuwa ya waridi kama juisi ya harusini. Unatia dawa, unapasha moto, na chini ya chombo unaweka sumaku. Chembe za kobalti zinazozaliwa humo hushikana kichwa kwa mkia, kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara. Sumaku niliinunua mtaa wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, imetolewa kwenye spika mbovu. Fundi redio, aliyezoea kunitengenezea spika za kwaya ya kanisani, aliniuliza kama kwaya yetu imevunjika.

Idara ilishaniambia wazi: muhula ukiisha bila uzi, na masomo yangu yameisha.

Siku moja dawa ilinuka, nikafungua dirisha. Mchana nikaona vitu vyeusi kwenye kitako cha chombo, vinafuata sumaku huku na huku. Kabla ya kumwita msimamizi, nilikwisha kuitangazia familia nzima kwenye simu. Shemeji yangu, mkulima wa zabibu kule Hombolo, alijibu: "Hongera sana. Inauzwa kwa debe?"

Msimamizi akaja, akaniamkia, akainama.

"Mwalimu, mbona maji bado ya waridi?"

"Mabaki hayo."

"Kobalti ikitoka, rangi inaondoka nayo. Si ulitufundisha wewe?"

Akapitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, akakung'utia vumbi kwenye karatasi, akaweka sumaku yangu chini yake. Punje nyeusi zikasimama wima na kuandamana. Utoto wangu wote nilikokota sumaku mchangani nikikusanya punje hizo hizo za chuma. Ilibidi nisome hadi chuo kikuu ndipo nizisahau. Upepo ulionipozea chombo hadi dawa isifanye kazi ndio huo huo ulionimwagia vumbi.

"Sasa hii tuiiteje?" nikauliza.

"Dodoma," akasema, akaondoka.

Nikahamia maabara ya jirani, yenye kabati la kufyonza hewa chafu. Nilikuwa nikilikwepa kwa sababu mtunza funguo ni shabiki wa wapinzani wetu, na ilibidi nimsikilize kwanza akisimulia mabao yote. Nikasikiliza. Kando ya chombo changu nikaweka bakuli la maji matupu, liwe shahidi wa vumbi. Safari hii uwaridi ulififia hadi ukatoweka, na chini yakalala matita meusi ya nyuzi, yote yameelekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa kwa ajili ya ibada.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Nikasubiri tusi.

Aligeuza sumaku, matita yakageuka nayo. Akainua lile bakuli, akalikagua kwenye mwanga kwa muda mrefu hadi nikaona haya. Lilikuwa safi.

"Peleka kwenye darubini, kisha anza sura ya tatu."

Alipofika mlangoni akageuka. "Ile ya pili bado ni takataka."