Kufuata Nta Masumbwe

Niliondoka Kishapu kwa sababu ya mishumaa. Ile iliyoletwa kutoka pwani ililegea kwa joto letu, ikainama altareni kama waumini katikati ya mahubiri marefu. Padre akataka nta safi ya nyuki, tuitengeneze wenyewe. Lakini nyuki hatukuwa nao. Tulikuwa tumefyeka vichaka vyote kuwafukuza mbung'o, tukashangilia, na nyuki wakaondoka pamoja nao. Kwa kuwa mimi nilikuwa mmoja wa washika shoka hodari, nilitumwa mimi.

Siku ya kwanza nilitembea hadi Shinyanga, nikapata lori la pamba lililorudi tupu upande wa Kahama.

"Unafuata nini huko, mzee?" dereva aliuliza.

"Nta."

"Wenzako wanafuata dhahabu!"

"Padre hakuagiza dhahabu."

Siku ya tatu, jioni, nilifika Masumbwe kwa Baba Kulwa, Msumbwa na Mkristo mwenzetu, ambaye mizinga yake ilitundikwa msituni tangu enzi za baba yake. Nyumbani kwake hapakuwa na nta hata kidogo. Serikali ilikuwa imeufunga msitu, na mrina asali akikutwa ndani alifungwa. Papo hapo likapita lori la magogo ya kutegemezea mashimo ya mgodi wa dhahabu.

"Hao wana kibali," Baba Kulwa alisema.

"Kwa hiyo anayekata mti hupewa karatasi, na anayetundika mzinga hupewa pingu?"

"Umeelewa upesi, mzee. Mimi nilihitaji mwaka mzima." Kisha akaacha kucheka. "Mizinga imejaa. Nisipoivuna mwezi huu, moto wa kiangazi utaila, na watoto wangu husoma kwa asali hiyo. Na kesho Bwana Misitu wa serikali anakuja. Jumbe ameniagiza asali ya mgeni."

"Utaitoa wapi?"

"Jumbe hakuuliza hilo."

Alfajiri alitoka na kibuyu, akarudi ananuka moshi, kibuyu kimejaa. Nami nilisali rozari nzima nikimwombea.

Saa nne, barazani kwa jumbe, Bwana Misitu alitueleza kwamba msitu ule na wanyama wake ni faida yetu. Jumbe akatuashiria tupige makofi, tukapiga. Mgeni akaketi kunywa chai, akachovya kiazi katika asali.

"Asali nzuri sana. Ya wapi?"

Jumbe alitazama viatu vyake. Mama Kulwa, aliyeileta, akajibu, "Ya msituni kwako, bwana. Mizinga ni ya mume wangu."

Askari wa msitu aliyekuja na mgeni akamkamata Baba Kulwa mkono. Uzee una ruhusa zake, nikasimama.

"Bwana, na aliyeila asali ashikwe pia, au kosa ni la mrinaji peke yake?"

"Na jumbe amelamba kijiko!" Mama Kulwa aliongeza.

Watu wakaangua kicheko. Uso wa Bwana Misitu ukawa mwekundu, akaamuru askari amwachie. Kisha akamuuliza Baba Kulwa ni nani huzima moto msituni.

"Sisi wenye mizinga. Askari wako hufika moshi ukishaisha."

"Na mwaka huu?"

"Atauzima mwenye kibali, bwana."

Mchana kibali kikaandikwa, nami nikawasomea. Wenye mizinga waingie, wavune, wazime moto, wasichune magome ya miti mibichi kutengenezea mizinga. Na kila msimu wapeleke debe moja la asali ofisini kwa Bwana Misitu. Hapo nilisoma mara mbili, nikidhani macho yamenichezea.

Baba Kulwa alicheka hadi akakaa chini. "Mwache ale, mzee. Sasa naye atauchunga msitu wetu."

Siku mbili tulirina na kuchemsha masega, nikarudi na nta ya kutosha hadi Pasaka.

Nyumbani nilizungushia kipande cha malisho yangu miiba, kikawa ngitili, malisho yaliyofungwa ili miti iote tena. Majirani walicheka: "Mzee anachunga vichaka!" Nilimkumbuka Bwana Misitu na debe lake la asali. Kila aliyecheka nilimkaribisha atundike mzinga wake humo. Watatu wametundika. Namshukuru Mungu, kwa sababu sasa ng'ombe akisogelea miiba ile, hao watatu hupiga kelele kabla sijafungua mdomo.