Kisu cha Hasani Mashoto

Nilipoliona jiwe lile kwa mara ya kwanza, niliandika katika ripoti yangu ya chuo kwamba ni jiwe la kusagia nafaka. Lilikuwa na urefu wa unyayo wa mtu mzima, limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee, nami nilikuwa kijana mwenye hakika ya mambo ambayo leo, nikiwa na mvi, sithubutu hata kuyakisia. Bibi Lydia, mwenye jiwe, alinisikiliza nikimsomea ripoti hiyo nyumbani kwake Msalato. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mjukuu wangu, hilo halijawahi kuonja uwele," alisema. "Hicho ni kinoo cha babu yangu Matonya. Kimekula chuma tu maisha yake yote."

Ndipo akanisimulia habari za Matonya, kama alivyozisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Matonya alikuwa mnoaji wa zana katika miaka ya Wajerumani. Aliketi kivulini mwa ukuta wa tembe lake, kinoo kikiwa mbele yake ndani ya chungu cha maji. Jiwe hilo halikuwa la Ugogo. Aliletewa kutoka kwenye mkondo wa milima ya Kondoa na rafiki yake Hasani, Mrangi aliyehamia Msalato na mkewe Mwamvua kufanya biashara ya tumbaku. Hasani alikuwa akifanya kila kazi kwa mkono wa kushoto isipokuwa kula, na watu wakamwita Mashoto.

Jiwe la namna ile hunolea vizuri likishiba maji tu. Kila asubuhi Matonya alilitumbukiza likiwa kavu, nalo likatoa mapovu madogo kwa muda mrefu, mfululizo, kama mtu aliyelala chini ya maji na bado anahema. Wanawake waliotembea nusu siku kwenda kisimani hawakupendezwa.

"Mkeo anabeba maji kichwani ili jiwe lioge?" walimchokoza.

"Haliogi, linakunywa," alijibu. "Likikoma kuhema ndipo nitapokea majembe yenu. Mwenye haraka akanolee kwenye meno yake."

Alikuwa na ustadi mwingine uliowafanya watu wamheshimu na kumwogopa kidogo. Kabla ya kunoa alipitisha ukucha juu ya makali, akasema zana ile imetumikaje. Mkono wa kulia huegemeza kisu upande mmoja, na wa kushoto upande wa pili. Kwa siku nyingi za kazi, makali hulalia kule yanakoegemezwa. Mtu mmoja alimletea shoka, akaambiwa kwamba mkewe amelivunjia mifupa. Mtu yule akarudi nyumbani kuuliza, akakuta ni kweli.

Vita vilipoanza mwaka 1914, askari walipita wakikusanya wapagazi. Hasani alichukuliwa mwezi wa Oktoba, akatembea na msafara kuelekea kusini. Habari zake hazikurudi.

Mwezi wa Februari Mwamvua alileta kisu cha tumbaku kinolewe. Makali yalikuwa yamelalia upande wa Mashoto. Matonya hakustaajabu, alijua ni kazi ya Hasani kabla hajaondoka. Aliyanyoosha pande zote mbili, akakirudisha kisu kikiwa sawa kama siku kilipotoka kwa mhunzi.

Mwezi uliofuata Mwamvua alikileta tena. Makali yalikuwa yamelalia upande wa Mashoto.

Matonya alikipitishia ukucha mara tatu. Mwamvua hakujaliwa mtoto na aliishi peke yake. Alikuwa akifungua fundo la kanga yake, na mkono uliofungua ulikuwa wa kulia.

"Nani anakata tumbaku kwako, mama?"

"Nani mwingine, Baba Matonya? Ni mimi."

Hakuuliza tena. Alielewa, au aliamini ameelewa: Hasani ametoroka msafara, naye amejificha ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wapagazi watoro walipokamatwa wakati wa vita, wengine waliishia kamba shingoni. Tangu siku hiyo, Matonya aliona kwamba uhai wa rafiki yake uko katika ncha ya ukucha wake.

Lakini wavutaji tumbaku nao wana macho. Walianza kusema kwamba tumbaku ya Mwamvua imekatwa nyembamba kama zamani, kama ya Mashoto mwenyewe. Maneno hayo yalifika kwenye boma la Dodoma. Mwezi wa Juni, Mwamvua akiwa amekuja na kisu kwa mara ya tano, alitokea askari mmoja aliyeitwa Msafiri. Alimnyang'anya Mwamvua kisu, akamrushia Matonya mapajani.

"Mnoaji, wanasema wewe unasoma makali. Soma hayo. Ni ya mkono gani?"

Matonya alipitisha ukucha. Yalikuwa yamelala kuliko miezi yote. Mwamvua alikuwa akitazama chungu, ambamo jiwe lilikuwa bado linatoa mapovu, nalo kwa kawaida hukoma kabla jua halijapanda.

"Yana kutu, bwana askari," alisema Matonya. Akalitoa jiwe majini, akaanza kunoa.

"Nimesema usome. Sikusema unoe."

"Makali machafu hayasomeki, bwana." Mikono yake haikusimama. Maji yaliyotiririka juu ya jiwe yakawa tope la kijivu. Alipokiinua kisu, makali yalikuwa yamenyooka, hayana habari ya mtu yeyote. "Sasa naona. Mkono wa kulia. Wa mwanamke."

Msafiri hakuwa mjinga. Siku hiyohiyo Matonya alipigwa bomani viboko ishirini na vitano, hamsa ishirini kama watu walivyoviita, kwa kosa la kukaidi amri. Tembe la Mwamvua lilipekuliwa hadi ghalani, na hakuonekana mtu.

Siku ya nne Matonya aliweza kutembea. Alikifunga kisu katika kitambaa, akaenda kukirudisha mchana, jua likiwa utosini na njia ikiwa tupu. Alibisha hodi, hakuitikiwa. Aliweka kisu kizingitini, akageuka. Hajafika hatua kumi alipolisikia gogo la kukatia tumbaku likianza kugongwa, taratibu, kwa mpigo mmoja usiobadilika. Alifurahi, ndivyo alivyomwambia Bibi Lydia baadaye. Alijisemea kwamba mgongo wake haukuumia bure.

Kisha akamwona Mwamvua akitokea shambani, mzigo wa kuni kichwani.

Walikutana njiani. Sauti ya gogo iliendelea nyuma ya Matonya.

"Umesikia kitu, Baba Matonya?" Mwamvua aliuliza.

"Sikusikia kitu, mama."

"Basi vizuri." Alisimama kidogo. "Mimi huwa siingii mpaka amalize."

Kisu hakikuletwa tena. Mwaka uliofuata Wajerumani waliondoka Dodoma, na Matonya akangoja rafiki yake atoke nje mchana, kwa kuwa hapakuwa na wa kumwogopa. Hakutoka. Mwamvua alisema tu kwamba nyumba imenyamaza, akafunga vyombo, akarudi kwao Kondoa. Matonya aliendelea kunoa hadi uzeeni, na alipoulizwa kuhusu alama za mgongoni alijibu kwamba zimeokoa mtu.

Nami niliandika hivyo. Niliirekebisha ripoti, nikampa Matonya sura nzima: mnoaji aliyemficha mpagazi mtoro. Bibi Lydia alifariki akiwa na nakala yake kabatini.

Miaka sita baadaye, katika nyumba moja huko Mvumi, nilionyeshwa kitabu cha sala cha mtu aitwaye Kefa, aliyekuwa mpagazi katika msafara uleule, naye hakurudi. Kitabu kililetwa na mwenzake. Pembezoni mwa kurasa aliandika kwa penseli majina ya wenzake aliowazika. La saba linasomeka hivi: Hasani Mashoto, wa Msalato, tumbo la kuhara, Novemba 1914.