Alama ya Masikio

Hasira niliyonayo kwa baba sijaimaliza, wala sina haraka ya kuimaliza.

Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, Bariadi. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa. Walikuja na malori na fedha mkononi, wakulima wakatukimbia. Tulijua kwamba makarani tutapunguzwa. Nikaapa kwamba siku hiyo itanikuta na cherehani mbili na chumba changu pale sokoni, sitamlilia mtu.

Basi kila mshahara ulipotoka nilitenga theluthi kabla sijala hata andazi. Maduka yalikuwa yamejaa hadi barazani: redio, vitenge, sabuni za kunukia. Niliyapita nimeinamisha uso kama mtu anayepita kwa mchawi. Wenzangu walinicheka kwa kandambili zangu zilizofungwa waya. Fedha sikuiweka benki, kwa kuwa shilingi ilizidi kulegea, na ng'ombe huzaa. Kila ilipotosha nilinunua mtamba mnadani, nikampeleka kwa baba, Lalago. Miaka mitatu, mitamba watano.

Kosa langu nililifanya siku ya mtamba wa kwanza. Baba alichukua kisu, akamkata sikio la kushoto mapengo mawili, alama ya boma letu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshika kichwa ili asitikisike. Nilijiona mtoto wa maana! Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi kutwa nzima niliandika madaftari ya pamba za watu.

Barua ya kupunguzwa ilipofika niliikunja, nikapanda lori la kwenda nyumbani. Nilifika ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni. Nikazunguka zizi lote, sikuona hata mmoja wangu. Msichana nisiyemjua akatoka jikoni, akapiga magoti kunisalimia.

"Mwangaluka, wifi."

Kumbe mdogo wangu wa kiume alikuwa ameoa, na mimi sikupelekewa hata salamu. Sikumwitikia yule msichana. Hakuwa na kosa, lakini nilimchukia papo hapo, kuanzia kitambaa cha kichwani hadi kisigino.

"Baba, ng'ombe zangu ziko wapi?"

"Zako zipi?" Baba hakusimama kwenye kigoda chake. "Zilikuwa na alama ya nani masikioni?"

"Nilizinunua kwa mshahara wangu!"

"Ng'wanone, mwanangu, boma hili halina ng'ombe ya mwanamke. Mdogo wako angeoa kwa kitu gani? Hata wewe utaolewa, zitarudi."

Mama alikuwa akipepeta mtama. Hakuinua macho. Niliondoka bila kunywa maji, nikaenda kushona kwa cherehani ya mtu mwingine, kwa ujira wa nguo moja moja.

Mchumba alipopatikana, baba alituma salamu kwamba zizi limefagiliwa, anangoja mahari. Tulifunga ndoa bomani, kwa mkuu wa wilaya, mashahidi wawili na soda nne. Baba hakupelekewa hata ndama.

Akamtuma mdogo wangu, yuleyule bwana harusi, aje kuuliza ng'ombe za baba ziko wapi. Nilikuwa nashona, sikuinua mguu kwenye pedali.

"Mwambie zilitangulia," nikasema. "Tano. Aende akazitafute kwa wakwe zako, atazijua kwa masikio."