Bega la Babu Mhina

Leo asubuhi nilifunga mlango wa chumba nilichokuwa nimepanga Lushoto mjini, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo wake, nikatoka barabarani bila kujua ninakwenda wapi. Si mara ya kwanza. Nimeishi hivi tangu ujana: nikishajua kila kichochoro cha mahali na jina la kila mbwa, miguu huanza kuniwasha. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mikaratusi, na kando ya soko vijana walikuwa wakipakia kabichi kwenye Fuso, wakizitandikia majani makavu ya migomba ili zisichubuke njiani. Majani yale yalikuwa yamelowa umande. Harufu yake ikaniingia puani, harufu ya kitu kikavu kilicholowa upya, nusu vumbi nusu mvua, nikasimama palepale nikiwakodolea macho. Kijana mmoja akanipigia kelele, akiniita kama huku wanavyomwita kila mwanamume mzima, "Mgosi, unapanda au umetumwa kutuhesabu?" Nikapanda, nikakaa juu ya majani, na katika kona zote za kuteremkia Soni sikuona maporomoko wala miamba. Niliona mabega ya wazee.

Nilikulia kijiji kimoja juu ya Mlola, kwa babu yangu Mhina, mzaa baba. Wanawe wote walikuwa wameteremka, mmoja Tanga, wawili Dar es Salaam, na baba yangu sijui wapi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu tu: Babu, Bibi na mimi. Gari halikufika kijijini kwetu. Mgonjwa aliyezidiwa alibebwa kwa machela hadi hospitali, mwendo wa nusu siku, kwa njia ambayo mbuzi wenyewe huipita kwa kufikiria. Kila kaya ilidaiwa bega moja. Mlutheri alimbeba Mwislamu, Mwislamu akambeba Mlutheri, na hakuna aliyeuliza. Pembe ikilia mara tatu, kila mwenye kaya aliacha jembe alipokuwa, akachukua ngata yake, akakimbia. Ngata hizo zilisukwa kwa majani makavu ya migomba, duara nene la kulinda bega lisichunwe na mti wa machela, na kila mzee aliitundika ya kwake kando ya mlango. Ya Babu ilikuwa nyeusi kwa jasho. Siku za ukungu ilinuka kama majani yale ya kwenye Fuso.

Watu hupenda kusimulia kwamba wazee wetu walipendana. Nimewasikia wakisema hivyo vijiweni, kwenye misiba, hata redioni, na sauti zao hulegea kwa utamu. Labda walipendana. Mimi niliyelala nyumba moja na mmoja wao ninachokumbuka zaidi ni jinsi walivyohesabiana. Mzee aliyefika wa mwisho kwenye machela alitaniwa mwezi mzima. Aliyeteleza aliitwa jina jipya. Na asiyefika kabisa bila sababu alivuliwa ngata: wazee walikwenda kwake mchana kweupe, wakaichukua mlangoni, na tangu siku hiyo pembe haikulia kwa ajili ya mtu yeyote wa nyumba yake mpaka atoe mbuzi wa kuomba radhi. Babu alikuwa amekaribia miaka sabini. Wenzake wenye vijana nyumbani walituma vijana. Yeye alikwenda mwenyewe, na akirudi Bibi alimkanda bega kwa maji ya moto huku akiwalaani wanawe mmoja mmoja kwa jina.

Ilikuwa kipupwe, nami nilikuwa darasa la tano kwa jina tu. Nilikuwa nimegundua kwamba ndani ya msitu, juu ya kitongoji cha mwisho, kulikuwa na wapasuaji mbao wa siri. Walikuwa wameangusha mti mkubwa wa mkulo, wamechimba shimo, mmoja juu ya gogo na mwingine shimoni, msumeno ukipanda na kushuka kati yao, na yule wa shimoni akiwa mweupe kwa unga wa mbao kama mtu aliyefufuka. Hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha kitu cha kupendeza namna ile. Nilikuwa natoka nyumbani na daftari, naficha daftari chini ya jiwe, napanda msituni. Wale watu walinizoea. "Mwanafunzi wetu kaja," walisema, "leo tunamfundisha hesabu za futi."

Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba aliye juu ya gogo hakumwona vizuri mwenzake. Pembe ikalia mara tatu. Wapasuaji walidhani ni watu wanapeana habari kwamba bwana miti amekuja, wakatupa msumeno wakakimbia. Mimi nikabaki. Baada ya kitambo nikasikia pumzi za mtu anayepanda kwa haraka, nikajificha nyuma ya kisiki cha mkulo. Alikuwa Babu, ngata begani, matope hadi magotini. Alikuwa shambani kwake kwenye maharage wakati pembe inalia, na sauti ile iligonga ukuta wa mwamba ikamrudia kutoka juu. Tena siku mbili kabla alikuwa amesikia kwamba bibi mmoja wa kitongoji cha juu hali chakula. Kwa hiyo alipanda. Alisimama karibu na shimo, akaita, "Wagosi! Mko wapi?" Akaita tena. Hakujibiwa. Nilimwona akigeuka huku na huku, mzee mzima peke yake ndani ya ukungu, kisha akaanza kuteremka mbio, akishika miti. Ningeweza kumjibu. Ningemjibu, angeuliza kwa nini siko shule.

Aliyekuwa mgonjwa alikuwa chini, kwa Ngoda. Ngoda alikuwa mdogo wake Babu, tumbo moja, na ndiye aliyeshika pembe ya kijiji. Mkwewe alikuwa na uchungu wa uzazi tangu alfajiri na mtoto hatoki. Ilikuwa siku ya soko, wengi wameteremka Mlola; walisubiri bega la nane, halikuja, wakaondoka saba. Kwenye mteremko wenye utelezi hawakuwa na wa kupokezana, wakaweka machela chini mara nyingi kuliko ilivyotakiwa. Mama alipona. Mtoto alizaliwa hospitalini akiwa amekwisha kufa.

Wazee walikutana uani kwa Ngoda. Watoto tulikaa ukutani, tunasikiliza. Ngoda ndiye aliyeuliza, na hakumwita kaka.

"Mgosi, pembe uliisikia?"

"Niliisikia."

"Ukaenda wapi?"

"Nilipanda juu. Niliisikia juu."

"Juu!" akadakia mzee mmoja. "Labda kulikuwa na nyani mjamzito."

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kibaya zaidi kwa sababu waliocheka walikuwa wamemfahamu tangu wanachunga naye. Babu alisubiri wamalize. Ngoda hakucheka.

"Nani alikuona huko juu?"

Babu aliangalia mikono yake, kisha akainua macho yakapita juu ya vichwa vya wenzake, yakapita ukutani tulipokaa. Nikajibanza nyuma ya jirani yangu. Mwalimu mkuu alikuwa amekaa pale pale, mguu juu ya mguu, fimbo yake imelazwa mapajani.

"Hakuna," akasema Babu.

Wakaja nyumbani wakachukua ngata. Palibaki msumari na duara safi ukutani. Bibi alisema tutoe mbuzi, tuna mbuzi wawili, kitu gani. Babu akamwambia, "Nikitoa mbuzi nimesema nililala." Hilo likawa neno lake kipupwe chote. Alikwenda kanisani akakaa benchi la nyuma. Wazee walimsalimia, akaitikia, na mazungumzo yakaishia hapo. Niliendelea kwenda msituni kwa siku chache, kisha nikaacha. Msumeno ulikuwa umepoteza ladha. Nilikuwa na wiki sita za kusema. Kila asubuhi nilijiambia leo, na kila jioni nilikuwa na sababu.

Kabla baridi haijaisha Babu akashikwa na kichomi. Alipumua kama mtu anayepasua mbao. Bibi akaenda kwa Ngoda, akarudi na jibu: mbuzi aje, pembe itapigwa saa hiyo hiyo. Akaenda kumfungua mbuzi. Babu akamwita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Mbuzi huyo akitoka, mimi nakufa nikiwa mwongo." Bibi akaketi kizingitini na kamba mkononi, akalia, mbuzi akimlamba kiwiko.

Ndipo nilipoingia ndani nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia yote, shule, msitu, kisiki. Aliniacha nimalize.

"Nilikuona," akasema. "Miguu yako ilikuwa nje ya kisiki."

"Sasa kwa nini hukusema, Babu?"

"Nimwite mtoto aje kunisemea mbele ya wagosi? Tena mwalimu yupo pale na fimbo." Akakohoa kwa muda mrefu. "Nilisubiri useme mwenyewe."

Nilikimbia. Nilimkuta Ngoda anachonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo, nikasema huku nalia, nikataja hata wapasuaji ambao niliapa kutowataja. Aliacha kuchonga. Akaingia ndani akatoka na pembe, akasimama nayo uani, na kwa dakika nzima nilidhani imekwisha, tumepona. Kisha akaniangalia vizuri, akaishusha.

"Wiki sita hukuona kitu. Leo mbuzi anadaiwa, umeona." Akatikisa kichwa. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa na huzuni, na hilo ndilo sijamsamehe. "Mhina amefika huko, kumfundisha mtoto uongo. Nenda kamwambie mimi ni mdogo wake, nasubiri mbuzi."

Sikumwambia Babu. Nilimwambia kwamba Ngoda hayupo, amekwenda sokoni Mlola. Alifumba macho akaitikia kwa kidevu, na sijui kama aliniamini. Bibi na mimi tulijaribu kumwinua tumpeleke wenyewe. Hatukufika hata penye migomba. Alikufa siku ya pili yake, mchana, majirani wakisikia.

Na hapo ndipo nilipowajua wazee wetu. Adhabu ya ngata haikuhusu maiti. Pembe ikalia, ndefu, ya msiba, wakaja wote, wa kanisa na wa msikiti, hata wa vitongoji vya mbali. Jeneza la mtu mmoja aliyekonda lilipata mabega yasiyo na idadi. Walisukumana kulishika, walipokezana kila hatua tatu, na kutoka nyumbani hadi kaburini pale chini ya mibuni hakuna mteremko wowote. Ngoda alikuwa wa mbele kulia. Alilia kwa sauti, akamwita kaka, akasema nani sasa atamtania. Kisha akaagiza waombolezaji wapikiwe, na kwa kuwa nyumba haikuwa na kingine, akachinjwa mbuzi. Yule yule. Nilimwona mzee wa nyani akinyonya mfupa na kusema Mhina alikuwa mtu wa watu.

Sikurudi shule. Mwalimu mkuu alikuja mara mbili na mara ya pili alizungumza kwa upole, akisema nina akili. Nilimsikiliza nikiangalia viatu vyake. Nilipotimiza miaka kumi na minne nikapanda gari la kabichi, na tangu hapo nimefanya kazi za kila namna: kuchuma chai upande wa Amani, kupakia mbao, kuchota mchanga, kusoma magazeti yaliyofungiwa maandazi. Najua mambo mengi vipande vipande. Nimepita kijijini mara moja tu baada ya Bibi kufa. Sasa kuna barabara, mbaya lakini ipo, na mgonjwa hufungwa kwa kitenge kati ya dereva wa bodaboda na ndugu mmoja, safari ya saa moja, na hakuna mzee anayeacha jembe. Nilimwona Ngoda mwenyewe akipitishwa hivyo, amezeeka mpaka macho yamepauka, kichwa kimemlalia dereva mgongoni. Vijana waliokuwa dukani hawakugeuka kutazama ni nani anayekwenda hospitali. Mtu wa rika langu akaniambia kwa masikitiko, "Zamani ungeona mgosi, kijiji kizima kingesimama." Nikamwambia nakumbuka. Sikumwambia nakumbuka nini. Leo hakuna anayekunyima bega, kwa sababu hakuna anayekupa, na ukiniuliza kipi afadhali nitakuwa bado nafikiri wewe umeshakwenda zako.

Fuso iliniacha Soni. Nikapata gari la mbao hadi Bumbuli, kisha nikatembea na watu waliotoka mnadani mpaka wakaniishia mmoja mmoja kwenye njia za makwao. Jua lilikuwa bado juu ya migomba nilipofika Bungu, mahali ambapo sijawahi kulala na hakuna anayenijua. Nikaonyeshwa nyumba ya wageni ya mama mmoja mtu mzima, vyumba vinne na ua uliofagiliwa vizuri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaniletea daftari. Nikaandika jina, kabila, kazi, nitokako. Penye "niendako" nikachora mstari. Akainama akaangalia, akaweka kidole chini kabisa.

"Na hapa, namba ya ndugu. Ukiugua nimpigie nani?"

"Acha tu mama, siugui."

"Hapa kila mtu husema hivyo. Bila namba sikupi chumba, baba. Mwaka juzi nilibaki na mgeni wa watu kitandani sijui pa kumpeleka."

Nilikuwa nimechoka, na kupitia mlangoni niliona kitanda kimetandikwa shuka safi. Nikaandika tarakimu kumi, zilivyonijia tu kichwani. Akavaa miwani, akazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine ili tusikosee, na mimi, kwa kila moja, nikamwitikia ndiyo.