Vunjajungu Mkononi mwa Nyanya

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, mama alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani, nami nikabaki Majengo na Nyanya. Sikuwa na ndugu. Baada ya shule nilizoea kukaa nyuma ya ploti, penye kichaka kilichosalia karibu na bomba la maji.

Huko niliokota kijiti kilichogandwa na kitu kama povu kavu. Nikakitia kwenye chupa ya jemu, nikaifunika kwa kipande cha chandarua. Siku moja nikakuta chupa imejaa vidudu vyembamba kama sisimizi, kila kimoja kimekunja mikono kama anayeomba dua.

"Vunjajungu hao!" Nyanya alisema, akirudi nyuma. "Ukimgusa, utavunja chombo. Watoe nje."

"Watakufa, Nyanya."

Alisogeza sufuria zake kando. "Basi wakae mbali na vyombo vyangu."

Niliwalisha vijinzi vilivyofuata maganda ya ndizi. Hata hivyo walilana, mpaka akabaki mmoja. Huyo ndiye niliyemsimulia habari za shule, maana mama alipiga simu kwa nadra, na akiitwa na mwajiri wake alikata.

Kisha jirani yetu, Mama Zuhura, akasikia kwamba nafuga vunjajungu. Akamwita binti yake ndani. "Usicheze na huyo! Atatuletea mkosi." Tangu hapo Zuhura akinikuta bombani aligeuza uso.

Jioni moja nililia kitandani, chupa mapajani. Nyanya akaketi kando yangu. Akafunua chandarua, akanyoosha kidole. Vunjajungu akapanda, akatembea juu ya hina iliyofifia.

"Kumbe ni mwepesi hivi," alisema.

Kesho yake, akiepua mbaazi, chungu chake cha miaka mingi kilimponyoka, kikapasuka sakafuni. Mama Zuhura alikuwa keshachungulia mlangoni.

"Kilikuwa na ufa," Nyanya alimwambia, akainama kuokota vigae.

Hakikuwa na ufa. Mimi ndiye niliyekuwa nikikiosha.

Mama alirudi nikiwa nimeshamaliza shule, Nyanya ameshafariki, tukaamkiana kama wageni. Siku hizi nikisimulia kisa hiki, watu huniuliza kama kweli naamini mambo ya vunjajungu. Nami huwajibu kwamba naamini. Nikisema ni uongo, basi jioni ile Nyanya alinyoosha kidole tu, hakuhatarisha chochote kwa ajili yangu.